Kitufe cha Kwanza Kushoto

Mimi ni mwoga, na ningependa mlijue hilo kabla hamjasoma zaidi. Mwezi uliopita mliponisindikiza kwa keki na maneno matamu, wengi wenu mlisema nilikuwa mtu makini. Sikuwa makini. Nilikuwa naogopa. Kila nilipogusa mashine ya ofisi niliona kama leo ndiyo siku ambayo itanifia mikononi, pamoja na kazi yote ya watu iliyomo ndani. Nekesa, mshauri wetu wa akina mama, ameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi ya kompyuta, ili nyinyi mnaobaki Kibera na Kawangware msianze upya kuumia mahali tulipokwisha kuumia sisi. Nitaandika, lakini msitarajie habari za vyeo. Cheo changu kilikuwa kimoja, mtu wa mashine, na sikumbuki mtu yeyote akikitamani.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa taipureta. Nilikuwa na meza yangu kando ya Soko la Toi, nikisafisha na kurekebisha taipureta za mawakili na makarani, hadi taipureta zenyewe zikaacha kuja. Nilibaki nimekaa tu, nikitazama watu wakichagua mitumba. Ndipo siku moja akaja mwanamke mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi, akaniwekea mezani kibodi ya kompyuta iliyomwagikiwa chai. Akaniuliza kama naweza. Nilimwambia sijawahi kufungua kitu kama kile na kwamba naogopa kukiharibu. Akasema, "Hiyo ndiyo nataka kusikia. Wale wengine walisema wanaweza, wakaniharibia mbili."

Huyo alikuwa Madam Khasoa, aliyeanzisha ofisi yetu ya kusaidia akina mama na watoto pale Kambi Muru, Kibera. Ile kibodi ilipona, isipokuwa herufi moja ambayo mpaka leo ukiigusa inaandika mara mbili. Wiki iliyofuata alinirudia, akaniambia nifunge meza yangu nimfuate.

Siku ya kwanza sikuruhusiwa kugusa kitu. Alinikalisha kwenye stuli, akaniambia nitazame. Kompyuta zote zilikuwa mitumba kama nguo za Toi, zimetumika ng'ambo zikachoka ndipo zikaja kwetu. Alinifundisha kwamba kabla hujarekebisha chochote, unanakili. Ukishanakili, unanakili tena, na nakala ya pili unaipeleka jengo lingine, maana Kibera moto haubishi hodi. Nilipenda somo hilo kuliko masomo yote yaliyofuata. Nilikuwa nimepata mahali ambapo uoga ni utaratibu wa kazi.

Kisha akanionyesha Ubao.

Nyinyi vijana Ubao mliukuta, mkauona kitu cha kizee, na kweli ni cha kizee. Barua pepe ni ya mtu na mtu. Ubao ni wa wote: ni vile vikundi vya majadiliano ambavyo watu walivitumia zamani kabla ya simu hizi zenu. Unaandika ujumbe mara moja, unakaa kwenye seva, na kila ofisi inauvuta kwake. Ukishauvuta unausoma hata mtandao ukiwa umekatika. Kwetu, ambako bando huisha katikati ya sentensi na stima hupotea bila kuaga, hakukuwa na kitu bora. Tulikuwa na kikundi cha kazi za vibarua, kikundi cha mazishi na michango, na kikundi cha waliopotea.

Kawangware, kwenye ofisi yetu ya pili, ndiko Madam Khasoa alikoonyesha ufundi wake. Majirani na wale wanaojitolea na sisi hawakuwa na kompyuta, kwa hiyo aliitengeneza mashine ya kule iwe inajiwasha stima ikirudi, inavuta ujumbe mpya wa Ubao na kuuchapa wote bila kuguswa na mtu. Printa aliiweka karibu na dirisha lenye nondo. Karatasi zikitoka zinaangukia trei, na Wafula, mlinzi, anapitisha mkono kati ya nondo, anazichukua na kuzibandika kwenye ubao wa mbao ulioko nje. Ofisi ikifungwa, Ubao haufungwi. Mafundi wa mawe na wabeba mizigo walikuwa wakipita pale asubuhi na jioni kutafuta kibarua, na zaidi ya mtoto mmoja aliyepotea alipatikana kwa sababu ya karatasi ile. Madam alijivunia mtambo huo, na mimi pia nilijivunia, ingawa kila mara printa ilipoanza kunguruma peke yake ndani ya chumba kilichofungwa nilikuwa nashtuka.

Seva yenyewe ilikuwa ya kukodi, iko mbali huko, na aliyekuwa na neno lake la siri ni Madam peke yake. Alipougua sikuwa na uso wa kumwendea kitandani na kumuuliza habari za seva. Wengine pia hawakuwa nao. Tulimzika kwao Kakamega, na neno la siri tukalizika pamoja naye. Ubao uliendelea kufanya kazi, tukaendelea kuandika na kusoma, ila hakukuwa tena na mtu anayeweza kuingia kwa mlango wa nyuma.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yalipotokea. Tulikuwa tunawafundisha watu kompyuta kwa mahali, si kwa maneno. Maneno ya vitufe yalikuwa ya Kiingereza, na watu wetu wengi walikuwa wakiyasoma polepole, kwa hiyo Madam alituwekea wimbo wa darasa: cha kwanza kushoto ni jibu la siri, linakwenda kwa mtu mmoja, cha pili ni jibu la wote, linakwenda Ubaoni. Kila aliyepita mikononi mwetu aliimba hivyo. Nekesa alikuja na diploma yake ya ushauri nasaha, anasoma Kiingereza kuliko mimi, na yeye pia baada ya wiki mbili vidole vyake vilikuwa vinakwenda kwa mahali.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Windows tuliyokuwa nayo iliacha kuletewa marekebisho ya usalama, na ile mpya ikakataa kuingia kwenye mashine zetu kwa sababu ya uzee wao. Niliichukulia kama tusi la binafsi, maana mimi pia nilikuwa natolewa kwa uzee. Lakini tulikuwa tumebeba siri za akina mama wengi na hatukuweza kukaa na mlango wazi. Tuliamua kuhamia Linux. Tungeanza na Kibera, na Kawangware ingebaki na mfumo wake wa zamani hadi tuone tumefika salama.

Mfumo wenyewe uliingia bila shida. Shida ilikuwa programu ya barua. Ile ya zamani ilikuwa inasoma barua pepe na Ubao katika dirisha moja, na huku tulikokwenda haikuwepo. Nilitafuta nyingine kwa majuma. Ya kwanza ilikuwa nzuri, safi, barua zote zikaingia vizuri, ila ukiitajia vikundi vya majadiliano inakutazama tu. Ya pili ilijua vikundi kuliko hata Madam, lakini ilikuwa skrini nyeusi yenye maandishi meupe, haina picha wala kitufe, kila jambo unaliamuru kwa herufi. Nilipowaonyesha wenzangu, mmoja aliniuliza kama imeharibika. Ya tatu ilifanya yote mawili katika dirisha moja, na ina vitufe. Tukaichukua hiyo.

Ila vitufe vyake, ukiwa upande wa Ubao, vilikuwa vimebadilishana viti. Cha kwanza kushoto kilikuwa jibu la wote, na programu haikuwa na njia ya kuvihamisha. Nilibandika karatasi juu ya kila mashine, kwa wino mwekundu. Nikapita kwa kila mtu nikamwonyesha. Wote waliitikia, wakacheka, wakasema Mzee Okelo kwa kuogopa hatumwezi. Wiki hiyo yote nililala vibaya.

Wakati huohuo Nekesa alikuwa amempokea mama mmoja kutoka Kawangware. Jina lake sitaliandika. Alikuja na watoto wawili wadogo, mkono umefungwa kwa leso, na hakutaka kukaa kiti kilichotazama mlango. Mumewe alikuwa fundi wa mawe. Mara ya mwisho alikuwa amemwambia kwamba akitoroka tena, atamfuata popote na hatarudi naye akiwa mzima. Nekesa alimtafutia chumba Kisumu Ndogo, humuhumu Kibera, kwa mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtu wa kuaminika. Aliyejua mahali hapo alikuwa Nekesa na huyo mwenye chumba tu. Mimi sikujua, na sikuwa na haja ya kujua.

Asubuhi moja nilifungua Ubao kuangalia kama programu mpya inavuta vizuri. Kikundi cha waliopotea kilikuwa na tangazo kutoka Kawangware, limeandikwa na Awuor, karani wa kule. Mwanamume fulani anamtafuta mkewe aliyetoweka na watoto wawili. Hana akili timamu, tangazo lilisema, mumewe ana wasiwasi sana, atakayemwona aarifu ofisi. Awuor hakuwa na kosa. Mtu alikuja kwa adabu, analia, naye akaandika alichoambiwa.

Chini ya tangazo hilo kulikuwa na jibu la Nekesa.

"Awuor, toa hilo tangazo. Huyo mama ako na sisi, amekimbia kupigwa. Nimemweka Kisumu Ndogo kwa Mama Omena, ile nyumba ya bati ya blue nyuma ya kanisa. Usimwambie huyo jamaa chochote."

Nilisoma mara moja nikadhani naangalia barua pepe zangu. Nikatazama juu ya dirisha. Nilikuwa Ubaoni.

Nilimwita Nekesa kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, akaja mbio na kikombe mkononi. Nilimwonyesha skrini.

"Hiyo nimetumia Awuor leo asubuhi," alisema. "Ni ya Awuor peke yake, Mzee. Nimebonyeza ya kwanza kushoto."

Kisha akainua macho, akaiona karatasi yangu nyekundu juu ya mashine. Kikombe alikiweka chini polepole.

"Imetoka huko?" aliuliza. "Imeshabandikwa?"

Hilo ndilo swali nililokuwa najiuliza. Jioni iliyotangulia Wafula alikuwa amenipigia kuniambia stima imepotea mtaa mzima na simu yake iko karibu kuzima. Niliangalia: mashine ya Kawangware haikuwa imevuta chochote tangu wakati huo. Kwa hiyo ujumbe ulikuwa bado uko kwenye seva. Stima ikirudi tu, mashine itajiwasha, itauvuta, itauchapa kwa herufi kubwa zile alizopenda Madam, na Wafula ataubandika pamoja na matangazo ya vibarua. Na yule mwanamume, fundi wa mawe, alikuwa akipita kwenye ubao ule kila siku kuona kama kuna jibu.

Nilimpigia Wafula. Mteja hapatikani. Nilimpigia Awuor, naye hakupatikana. Nekesa akauliza ofisini, tukaambiwa Awuor amekwenda mazishini kwao Busia, ndani kabisa ambako mtandao ni wa kupandia mlima.

"Si uzime hiyo seva," Nekesa alisema.

"Siwezi. Neno la siri alikuwa nalo Madam."

"Basi tufanye nini?"

"Wewe nenda ukamtoe huyo mama pale. Sasa hivi. Mpeleke kwingine, na usiniambie ni wapi."

"Mzee, mimi ndiye nimemuua?"

"Hajafa mtu. Nenda."

Alitoka akikimbia na viatu vya ofisi. Mimi nikabaki na mashine, na sikumbuki kuogopa namna ile kabla ya hapo wala baadaye. Wakazi wote wa Nairobi huomba stima irudi. Mimi nilikaa pale nikiomba Kawangware ikae gizani, friji za watu zioze, vinyozi wakae bure, stima isirudi.

Vikundi vile vya zamani vina jambo moja ambalo simu zenu zimelijua juzi tu. Aliyeandika ujumbe anaweza kutuma amri ya kuufuta kwenye seva, na seva ya Madam ilikuwa inaheshimu amri hiyo. Niliifungua programu yetu mpya, nikatafuta amri hiyo kila pembe. Haikuwepo. Ilijua kutuma, haikujua kurudisha. Hilo sikuwa nimeliuliza nilipokuwa naichagua, na hakuna mtu katika ofisi nzima aliyeliuliza, kwa sababu wote tulikuwa tunatafuta kitu kinachofanana na tulichozoea.

Ndipo nikaikumbuka ile nyeusi. Ilikuwa bado imo kwenye mashine yangu, kwa kuwa mimi sifuti kitu. Mnanicheka kwa hilo, mnasema kompyuta yangu ni kama stoo ya shosho mzee asiyetupa hata kopo, lakini ile programu tuliyoikataa ilikuwa pale, na nilipoifungua ikaniorodheshea vikundi kana kwamba haijawahi kuchekwa. Nilikwenda kwenye ujumbe wa Nekesa, nikatoa amri ya kufuta. Ikakataa. Ikasema mimi si mwandishi wa ujumbe huo.

Nilitulia, au tuseme nilijilazimisha kutulia. Nikaweka jina la Nekesa na anwani yake mahali pa jina langu. Ikakataa tena. Nikaufungua ujumbe wenyewe, nikatazama ile mistari ya juu ambayo kwa kawaida hatuioni, na nikaona kwamba programu mpya ilikuwa imemwandika kwa majina yake yote matatu, hata lile la ubatizo ambalo halitumii. Niliyanakili vilevile, nafasi kwa nafasi. Nikatoa amri mara ya tatu. Skrini ikaandika neno moja la kukubali, ikanyamaza.

Sikuamini. Seva inaweza kukubali, na Kawangware iwe imekwishavuta dakika hiyohiyo. Nikatoka nje nikapanda bodaboda. Nilimwambia dereva aende haraka, kisha nikamwambia apunguze, kisha tena haraka, hadi akaniuliza, "Mzee, tuamue?"

Tulipofika, mtaa ulikuwa bado hauna stima. Nilijua kwa ukimya wa kinyozi wa jirani. Nikashukuru. Wafula alikuwa amekaa kwenye jiwe lake karibu na mlango, na mbele ya ubao alisimama mwanamume mmoja mnene wa mabega, mikono yake ina saruji kavu, anasoma karatasi za jana.

"Mzee Okelo, leo uko huku?" Wafula alisema. "Huyu ndugu amekuwa akikungoja. Yaani si wewe, anangoja karatasi. Bibi yake amepotea."

Mwanamume akageuka, akanisalimia kwa mikono miwili. Nilimsalimia. Kiganja chake kilikuwa kigumu na kikavu. Changu kilikuwa kimelowa.

Nilimwambia Wafula afungue ofisi nikaguse mashine kidogo. Akasema ufunguo ameenda nao Awuor. Nikauliza mita ya stima iko wapi, ingawa nilijua iko humohumo ndani. Nikasimama dirishani nimeshika nondo, natazama ile printa iliyo karibu kabisa na vidole vyangu, na waya wake ulioko mbali.

Ndipo mtaa ukapiga kelele ya furaha. Redio ya kinyozi ikaanza katikati ya wimbo. Ndani ya chumba, taa ndogo ya kijani ikawaka, mashine ikavuta pumzi.

"Imerudi," alisema yule mwanamume, akaja akasimama karibu nami, bega kwa bega. "Sasa tutajua."

Printa ilianza. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kibarua, watu wa kuchimba msingi. Kabla sijainua mkono, alikuwa amekwishapitisha wake kati ya nondo na kuichukua. Aliisoma yote, mdomo ukitembea, akampa Wafula. Ya pili ilikuwa ya mazishi. Aliichukua pia. Nilitaka kumwambia anipishe, sikuthubutu.

Ya tatu ilitoka taratibu, na juu yake nikaona neno JIBU, na chini yake, Waliopotea. Aliivuta kabla haijamaliza kutoka, ikachanika pembeni. Alisoma. Mimi nilikuwa natazama mikono yake, siyo karatasi, nikijiuliza kama nitaweza kuzishika.

"Ni ya mzee fulani," alisema mwishowe. "Amepatikana Kisumu Ndogo, hajui jina lake." Akaigeuza nyuma, akaona ni tupu. "Yangu haiko."

Printa ilinyamaza, na taa ya kijani ikabaki inawaka. Nilingoja iendelee, haikuendelea.

Aliponigeukia alikuwa karibu sana. "Wewe Mzee unatoka ofisi ya Kibera, sio? Wafula ameniambia. Hujaona mwanamke na watoto wawili huko?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa naijua nyumba, rangi ya bati lake na kanisa lililo mbele yake, maana nilikuwa nimeusoma ujumbe ule mara nyingi kuliko nilivyotaka.

"Sijaona," nilisema.

"Hapana?"

"Hapana."

Akanitazama. "Mbona unatetemeka?"

"Sukari," nilimwambia. "Nina ugonjwa wa sukari. Nimekosa chakula."

Akamwambia Wafula aniletee soda, na akailipia yeye mwenyewe. Nilikunywa yote akiwa amesimama pale. Wafula mpaka leo huninunulia chai isiyo na sukari kila nikipita Kawangware, na sijapata nguvu ya kumwambia kwamba sina ugonjwa wowote.

Nekesa alikuwa amemhamisha yule mama kabla sijarudi. Tulikaa ofisini. Aliniuliza kama nataka kujua amempeleka wapi. Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimelijua jambo hilo kwa nusu siku tu, na lilikuwa karibu kunitoka usoni.

Awuor aliporudi, tuliitoa ile mashine ya Kawangware kwenye kujichapia. Siku hizi mtu anasoma kwanza ndipo anachapa, na najua wengine mnalalamika kwamba inachelewesha. Acha ichelewe. Kwenye kikundi cha waliopotea, anayemtafuta mtu mzima haandikiwi tangazo kabla Nekesa hajaulizwa. Programu nyeusi nimeiweka kwenye kila mashine, na nimewafundisha wawili kati yenu amri ya kufuta. Siku mtakapohama tena mfumo, kwa sababu mtahama, msiulize kwanza kama programu mpya inafanana na ya zamani. Iulizeni inaweza kurudisha nini. Na vile vitufe wafundisheni watu kwa kusoma, hata ikichukua mwezi. Mimi na Madam tulikosa kufanya hivyo kwa haraka ya kusaidia.

Nilidhani nikistaafu nitaacha kuogopa. Nina muda sasa, nazunguka Toi asubuhi nikitafuta visu vya zamani na redio mbovu za kuchezea. Juzi nilikuwa kwenye safu za viatu nikahisi mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa yeye. Ameshika jozi ya viatu vyeusi vya shule, vya mtoto, anavigeuza soli.

"Mzee wa kompyuta," alisema. "Sukari inaendeleaje?"

Nilimwambia inaendelea vizuri.

"Unafikiri hivi vitamtosha? Wa kwanza atakuwa amekua." Hakungoja jibu. Aliviweka chini, akanisogelea, na sauti ikashuka. "Niambie ukweli, sasa ushaacha kazi. Unajua bibi yangu ako wapi?"

Uoga ulirudi, uleule wa dirishani. Lakini safari hii nilimtazama machoni, kwa sababu nilikuwa nimeufungua moyo wangu na kukuta hakuna kitu ndani, hakuna nyumba, hakuna rangi ya bati, hakuna kanisa.

"Sijui," nilisema.

Alinitazama kwa muda mrefu, akitafuta kitu usoni mwangu. Kisha akaondoka, na viatu akaviacha palepale.